Viungo vya Sikukuu: Hesabu Tuliyoikosea

(Maneno ya hotuba iliyosomwa na Halmashauri ya Karamu mbele ya wanachama, katika mkutano wa kujitayarisha kwa sikukuu)



Sisi watatu wa Halmashauri ya Karamu tumeagizwa kuwaelezeni habari ya mapishi ya sikukuu na viungo vyake. Huenda wengine watajiuliza, je, makarani wana nini na habari za jikoni? Jibu letu ni kwamba tunayo deni kwenu, na deni hilo lilianzia jikoni. Yafaa tulitaje waziwazi kabla hatujasema neno jingine.

Mwakumbuka karamu ya Chama ya mwaka uliopita. Wageni walikuwa kiasi cha 120, na miongoni mwao walikuwapo wazee waliostaafu, walioitumikia kazi hii kabla wengi wetu hatujajua kushika kalamu. Mchele ulikuwa mzuri, nyama ilikuwa nono, samli haikupungua. Walakini pilau ilipopakuliwa ilikuwa na rangi ya udongo, harufu yake ya vumbi, na ladha yake ya uchungu mdogo unaobaki ulimini. Watu walikula kwa adabu. Mzee mmoja aliisukuma sahani yake taratibu, akaomba maji, wala hakusema neno. Kimya kile kilituchoma kuliko lawama yoyote ambayo angaliweza kuitoa.

Sababu ya aibu hiyo ilikuwa sisi. Tulipopewa fedha za manunuzi tulitaka kuonekana hodari wa kubana matumizi. Katika duka moja, ambalo hatulitaji, tulikuta viungo vilivyokwisha kusagwa, vimefungwa katika vifuko, na bei yake ilikuwa nusu ya bei ya viungo vizima. Tukanunua bila kufungua hata kifuko kimoja. Bi Mkubwa aliyetupikia alipovifungua akanusa, akatutazama, akasema: "Wanangu, viungo hivi vimekufa zamani. Mnaniletea maiti nimpambe?" Tukamjibu kwamba hesabu imekwisha fungwa na fedha zimekwisha. Alinyamaza, akapika kwa alivyopewa.

Baadaye tuliketi tukaipiga hesabu upya. Katika kila shilingi 100 za karamu ile, viungo vingalichukua shilingi 4 tu. Sisi tulitumia 2, tukajisifu kuwa tumeokoa 2. Lakini kwa kuziokoa hizo 2 tuliziharibu 98 zilizobaki, maana mchele, nyama, samli, kuni na kazi ya watu vyote vilimezwa na ladha ya vifuko vile. Wazee walisema kweli kwamba rahisi huvunja upishi. Na fedha zile hazikuwa zetu. Zilikuwa michango yenu, shilingi kwa shilingi, mwezi kwa mwezi. Karani akipokea hati ya malipo huisoma mara mbili, hutazama tarehe, sahihi na jumla, na ikipungua senti moja huirudisha. Ni ajabu basi kwamba watu wenye mazoea hayo walilipa fedha za wenzao kwa kitu ambacho hawakukifungua wala kukinusa. Ndiyo sababu tumejifunza habari hii tangu wakati ule, nasi twataka kuwagawieni tuliyojifunza, ili kosa letu liwafae ninyi nyumbani mwenu, iwe sikukuu yenu ni Idi au Krismasi.

KIUNGO NI NINI

Watu wengi hudhani kwamba ladha ya kiungo imo katika unga wake. Sivyo. Ladha na harufu zimo katika mafuta mepesi yaliyofichwa ndani ya ua, mbegu, ganda au mzizi. Mafuta hayo hupenda kuruka hewani. Maadamu kiungo ni kizima, mafuta yamefungiwa ndani kama barua katika bahasha. Kikisagwa, bahasha imepasuliwa. Kila siku ipitayo, sehemu ya harufu yapotea, na joto na mwanga huharakisha upotevu huo. Kwa hiyo kiungo kilichosagwa leo na kile kilichosagwa miezi mingi iliyopita vyaweza kufanana rangi, kumbe kimoja ni kiungo na kingine ni vumbi.

Tena kuna jambo la pili. Mkononi, kitu kizima hujitambulisha. Karafuu ni karafuu, na iliki ni iliki. Kilichosagwa chaweza kuwa chochote. Udanganyifu huu haukuanza dukani kwetu. Katika mji wa Nuremberg, huko Ujerumani, mwaka 1444 mtu mmoja alichomwa moto pamoja na zafarani yake kwa sababu alikuwa ameichanganya na vitu vingine. Mwaka 1820, Friedrich Accum, mtaalamu wa kemia, alichapisha mjini London kitabu kilichofichua jinsi wafanyabiashara walivyochanganya takataka katika pilipili, chai na vyakula vingine. Wala jambo hili halikwisha pamoja na watu wa zamani. Mwaka 2005 nchini Uingereza aina zaidi ya 400 za vyakula ziliondolewa madukani, kwa sababu rangi isiyoruhusiwa katika chakula ilikuwa imetiwa katika unga wa pilipili uliotumika kuvitengeneza. Na mwaka 2019 wataalamu walieleza jinsi manjano ya Bangladesh yalivyokuwa yakipakwa rangi yenye risasi ili yang'ae, na risasi hudhuru ubongo wa watoto. Serikali ya huko ilipowaonya watu na kuwaadhibu waliohusika, manjano ya namna hiyo yalitoweka sokoni kufika mwaka 2021. Habari hiyo ya mwisho yatupa moyo, kwa kuwa yaonyesha kwamba ukaguzi ukifanywa kwa bidii, udanganyifu hukimbia.

JINSI YA KUKAGUA

Sasa twaeleza kiungo kimoja kimoja, kwa namna ambayo mtu yeyote aweza kuifanya mbele ya mwuzaji bila kumwudhi.

Karafuu. Kiungo hiki twakijua kama mali ya Unguja na Pemba, lakini asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki ya mbali. Kililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, na katika enzi ya Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, mashamba yakaenea sana, kwa jasho la watumwa waliotolewa bara. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba, iliyosalimika zaidi, ikawa ndiyo ghala ya karafuu. Mwaka wa pili wake, 1873, soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na mwaka 1897 hali ya utumwa yenyewe ikakomeshwa kwa sheria. Twataja hayo ili tuishike karafuu kwa heshima, maana watu wengi waliumia hata ikafika jikoni mwetu.

Karafuu ni ua ambalo halijachanua. Huchumwa linapoanza kuwa jekundu, likatengwa na makonyo, likaanikwa juani juu ya majamvi hata likawa la kahawia, na uzito wake hupungua ukabaki kiasi cha theluthi moja. Karafuu njema ina kichwa chake kamili na shina nene kidogo. Ibonyeze kwa ukucha. Ikiwa njema, mafuta yatatokea. Kisha itupe katika kikombe cha maji. Ikizama au ikisimama wima, bado ina mafuta yake. Ikilala juu ya maji kama kijiti, ni kuukuu au imekwisha kukamuliwa. Angalia pia wingi wa makonyo, kwani harufu yake ni hafifu, na mwenye kuyanunua kwa bei ya karafuu amelipia vijiti.

Mdalasini. Liko ganda jembamba lililojikunja tabaka nyingi kama karatasi za daftari lililoviringishwa, rangi yake hafifu, nalo huvunjika kwa vidole. Huo ndio mdalasini wa Sri Lanka, nchi iliyoitwa zamani Ceylon. Liko na ganda nene, gumu, lenye mkunjo mmoja tu, jekundu zaidi, na lenye ukali. Hilo ni la mti mwingine wa ukoo ule ule. La pili si bandia, na katika mchuzi wa nyama hufaa. Lakini lina dawa moja ya asili iitwayo kumarini, ambayo ikizidi kwa siku nyingi yaweza kulidhuru ini. Kwa chai ya kila siku na vitamu vya watoto, chagua lile jembamba.

Iliki. Chagua vidonge vya kijani, vilivyofumba, vilivyo vizito mkononi. Pasua kimoja. Mbegu ziwe nyeusi, zenye kunatanata, na harufu ipande puani mara moja. Kidonge cheupe kilichopasuka chenyewe kimekwisha kupoteza mali yake njiani. Iliki hustawi katika nchi yetu, kwa mfano katika milima ya Usambara, basi hapana sababu ya kununua ile iliyokauka miaka mingi ghalani.

Pilipili manga. Punje ziwe ngumu, zilizokunjamana, na zisivunjike kwa kubanwa na vidole. Wadanganyifu huchanganya mbegu za papai zilizokaushwa, ambazo hufanana nazo sana. Tia chache katika maji. Pilipili iliyokomaa huzama, na mbegu ya papai huelea.

Kungumanga na basibasi. Hivi ni ndugu wa tunda moja. Kungumanga ni kokwa, na basibasi ni utando mwekundu unaoizunguka. Kungumanga njema ni nzito, na ukiichoma kwa sindano hutokeza mafuta kidogo. Ikwaruze wakati wa kupika tu, tena kidogo, maana ikizidi hudhuru kichwa na tumbo.

Jira na giligilani. Jira ndiyo bizari nyembamba, na ndugu zetu wa Unguja huiita uzile. Hii ndiyo roho ya pilau. Isugue katikati ya viganja, unuse. Kama husikii kitu, mwache mwuzaji na jira yake. Giligilani ikaguliwe kwa namna hiyo hiyo, na uitazame kama ina vitundu vya wadudu.

Manjano. Juu ya hii twasema wazi kwamba jicho haliwezi kuiona risasi. Iliyo salama kuliko zote ni ile uliyoipanda mwenyewe. Kipande cha mzizi kikifukiwa nyuma ya nyumba mwanzo wa mvua huzaa vya kutosha nyumba moja. Usivutiwe na ung'avu uliopita kiasi.

MAJANI MABICHI

Wenzetu wengi wanaokaa katika vituo vya bara hutuambia kwamba huko viungo ni haba. Twawajibu kwamba nusu ya harufu ya sikukuu yaweza kuota mlangoni. Mchaichai hauhitaji zaidi ya shina moja lenye mizizi. Nanaa huenea yenyewe mahali penye maji ya kuogea. Mrihani huota hata katika mkebe. Mbegu za giligilani zilizonunuliwa kwa ajili ya mchuzi, zikiponywa kidogo na kupandwa, hutoa kotmiri katika majuma machache. Neno la kushika ni hili: viungo vikavu huingia mapema katika mafuta, na majani mabichi huingia mwisho, chungu kinapokaribia kuepuliwa, kwa kuwa harufu yake ni nyepesi na moto mwingi huifukuza. Kachumbari ya vitunguu, nyanya, ndimu na kotmiri iliyokatwa saa ile ile huipa pilau uhai ambao nyama peke yake haiwezi kuutoa.

PILAU KWA KIPIMO

Bi Mkubwa hapimi. Mkono wake ndio mizani. Lakini kwa ajili yetu sisi tusiojua, tulikaa naye jikoni tukapima kila alichokishika. Hiki ndicho kipimo chake kwa kilo 1 ya mchele.

Mchele huoshwa, ukarowekwa nusu saa, ukachujwa. Nyama yenye mafupa, kilo 1, huchemshwa kwa chumvi na tangawizi hata ilainike, na supu yake ibaki kiasi cha lita 1 na nusu. Viungo ni hivi: jira vijiko 2 vya chai, pilipili manga kijiko 1 cha chai, karafuu 8, iliki 10, na kijiti cha mdalasini chenye urefu wa kidole. Jira na pilipili manga hukaangwa bila mafuta katika kikaango kikavu, moto mdogo, hata harufu itoke. Mara itokapo huepuliwa, maana kungoja zaidi ni kuunguza. Kisha hupondwa katika kinu, zisiwe unga laini. Karafuu, iliki na mdalasini hubaki nzima, iliki ikipasuliwa kidogo tu.

Vitunguu 4 hukatwa vyembamba, vikakaangwa katika nusu kikombe cha samli au mafuta, vikikorogwa bila kuachwa, hata viwe na rangi ya kahawa. Hapo ndipo inapotoka rangi ya pilau. Kitunguu kikiungua hutia uchungu, na kikitolewa kibichi pilau huwa nyeupe. Kisha hutiwa kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa, halafu viungo vyote, kwa muda wa dakika moja tu. Sababu yake ni kwamba yale mafuta ya harufu tuliyoyataja hayapendi kuchanganyika na maji, bali huyeyuka vizuri katika samli, na samli huyachukua hata kila punje ya mchele. Aliyetia viungo baada ya supu amechelewa.

Baadaye nyama hutiwa, hugeuzwa, kisha supu. Ikichemka, hutiwa mchele na chumvi. Maji yakikaribia kukauka, moto hupunguzwa, chungu hufunikwa vizuri, na makaa hupaliwa juu ya kifuniko kwa dakika 20. Katika dakika hizo hapana ruhusa ya kufunua. Bi Mkubwa alimwondoa mmoja wetu jikoni kwa kosa hilo.

KAIMATI

Karamu isiyo na kitu kitamu watoto huiona pungufu. Kwa kaimati, chukua nusu kilo ya unga wa ngano, kijiko 1 cha chai cha hamira, kijiko 1 cha sukari, chembe ya chumvi, na mbegu za iliki 6 zilizopondwa saa ile ile. Tia maji ya vuguvugu kidogo kidogo, ukipiga kwa mkono hata upate rojo zito linalovutika. Lifunike mahali pasipo upepo mpaka liumuke mara mbili. Chota kwa vidole, udondoshee katika mafuta ya moto wa wastani. Moto mkali hubabua nje na kuacha ndani mabichi. Shira ni sukari nusu kilo na maji robo lita, ichemke hata inate kidoleni, kisha tia iliki nyingine na nyuzi chache za zafarani kwa mwenye nazo. Kaimati za moto huingizwa katika shira ya vuguvugu, zikageuzwa na kutolewa. Kwa iliki kuukuu, utapata sukari tupu. Kwa iliki njema, jirani atajua unapika nini kabla hujamwita.

KUHIFADHI, NA KUTOKOPA

Mabwana na mabibi, viungo vyema havina haja ya kuwa vingi. Nunua kidogo, vizima, vya kutosha miezi michache. Vitie katika chupa au mkebe mkavu wenye kifuniko cha kukaza, mbali na moto na mwanga wa jua. Usichote kwa kijiko chenye maji, wala usifungue chupa juu ya chungu kinachotoa mvuke, maana unyevu huleta ukungu. Saga kile tu kitakachotumika siku hiyo. Kama huna nafasi ya kusaga kila siku, saga cha juma moja, si cha mwaka.

Hapa yatupasa kusema neno juu ya fedha. Kila mwaka, mwezi wa sikukuu ukiisha, tunawaona wenzetu wakikopa ili kulipa mikopo ya sikukuu. Mtu hununua mbuzi ambaye mshahara wake haumwezi, kisha kwa kuwa fedha zimekwisha hununua viungo vya bei ya chini, na mbuzi mzima huliwa bila raha. Shauri letu ni kuigeuza hesabu. Anza na viungo. Weka kando fedha kidogo katika kila mshahara, ununue mwezi huu iliki, mwezi ujao karafuu na mdalasini. Sikukuu ikifika, chupa zako zimejaa, na yaliyobaki mfukoni ndiyo yataamua kama utachinja kuku mmoja au zaidi. Kuku mmoja aliyeungwa vizuri, akaliwa na watu wasio na deni, ana heshima kuliko mbuzi wa mkopo. Mgeni aliyekuja kwako hakuja kuhesabu mifupa.

NENO LA MWISHO NA MAOMBI YETU

Kabla ya kuandika maneno haya tulikwenda nyumbani kwa Bi Mkubwa kumwomba radhi. Tukamwamkia, "Shikamoo, Bi Mkubwa." Akaitika, "Marahaba, wanangu," akatukaribisha chai ya tangawizi na mchaichai. Tulipomweleza kwamba tuliona aibu mbele ya wageni, alisema: "Aibu ile mliigawana na mimi. Watu hawakusema makarani wamenunua vibaya. Walisema mimi nimepika vibaya." Ndugu wanachama, jambo hilo hatukulifikiri hata mara moja. Tulijihesabia hasara yetu, na hasara ya Chama, tukamsahau mtu ambaye jina lake lilichafuliwa kwa kosa lisilo lake. Yeye alionya, sisi tukajibu kwa daftari. Mbele yenu nyote, basi, twatangaza kwamba pilau ile haikuharibiwa na mpishi. Iliharibiwa na sisi tulionunua.

Alituambia tena kwamba atakubali kupika mwaka huu, lakini kwa sharti moja: aende mwenyewe dukani. Akasema, "Chungu hakisomi hesabu, chungu hujua kilichotiwa."

Kwa sababu hiyo twaleta maombi matatu, nanyi mtayakubali au mtayakataa kwa kura zenu.

La kwanza, viungo vyote vya karamu vinunuliwe vizima, baada ya kuonwa vielelezo katika maduka yasiyopungua mawili.

La pili, Bi Mkubwa awe na mamlaka ya kukataa chochote kisichofaa, na neno lake litangulie neno la Halmashauri ya Karamu. Mmoja wetu ataandamana naye kwa kazi ya kulipa na kupokea stakabadhi tu.

La tatu, ile tofauti ya fedha tuliyojisifu kuiokoa, ambayo ingali mikononi mwa Bwana Mweka Hazina, apewe Bi Mkubwa kama alama ya radhi ya Chama. Sisi watatu tutaongeza kiasi kama hicho kutoka mifukoni mwetu.

Na ninyi mtakaporudi majumbani, twawaombeni jambo jepesi lisilohitaji kura. Fungueni mikebe yenu ya viungo leo jioni, munuse. Kilicho kimya kitupeni kabla ya sikukuu, wala msikionee huruma. Kisha muulizeni yule apikaye nyumbani mwenu kinachohitajiwa, mkamsikilize mpaka mwisho wa maneno yake, maana elimu hii anayo yeye, nasi tuliichelewa kwa kutouliza.

Twawatakieni sikukuu njema, yenye chungu kilichokolea na mwezi wa baadaye usio na deni.

Sisi wenu watiifu,
Halmashauri ya Karamu